Mistari ya Dada Dirishani

Dada yangu alizikwa msimu wa kuchuma kahawa, na kabla hatujarudisha viti vya kanisa tulivyoazima kwa ajili ya matanga, watu walikuwa wameanza kusema kwamba alikuwa mwizi.

Hawakusema mbele yetu. Waliokuja kutupa pole waliimba, wakala, wakamsifu marehemu kwa sauti, wakaenda. Maneno yenyewe yaliletwa na meneja wa chama chetu cha ushirika cha kahawa, siku chache baada ya mazishi. Alikuja peke yake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kukunja na kukunjua kofia yake akiwa na jambo zito. Alimaliza chai yote kwanza.

"Mwiitu wakwa," akaniambia, yaani binti yangu, "si ni wewe ulikuwa unafanya kazi na marehemu kwa ile kompyuta?"

"Nilikuwa napiga chapa, mzee. Lakini alinifundisha kidogo."

"Basi kuna maneno. Watu wa juu wanasema kiwanda cha hapa chini kinapewa kilo za bure. Mtu wa juu na mtu wa chini wanapeleka kahawa sawasawa, lakini stakabadhi zikitoka, ya chini ni nzito. Nimeangalia. Si uongo." Akaikunja kofia. "Na kiwanda cha chini ndicho cha nyumbani kwenu. Mama yenu anapeleka hapo."

"Anapeleka."

"Sasa unaona vile watu wanafikiria."

Nikamwambia naona. Akasema mkutano wa wakulima ulikuwa karibu na watu wangetaka jibu. Kama ile programu ilikuwa na mkono wa mtu ndani yake, chama kingeiondoa kirudie karatasi, na yeye angelazimika kueleza sababu mbele ya wote.

"Niache niisome," nikasema. "Nikikuta aliiba, nitasimama niseme mimi mwenyewe."

"Ai, usiseme hivyo. Huyo ni dada yako."

"Ndiyo maana nitasema mimi, si wewe."

Mama alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na alisikia yote. Meneja alipoondoka, aliniuliza jambo moja tu. "Ukikuta mabaya utayasema?"

"Nitayasema, mwaitu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Alikusanya vikombe vya chai. Kisha akasema, "Basi tafuta vizuri."

Dada alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Machakos, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, wakati chuo kama hicho kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Mimi niliishia kidato cha nne, na alama zangu hazikuwa za kumwonyesha mgeni. Tulikaa pamoja chumba kimoja mtaani Mumbuni, mji ule ule. Mchana nilikuwa napigia watu chapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi, na jioni dada akirudi aliketi kwenye kompyuta ile ile kuandika programu ya chama. Kompyuta ilikuwa imetumika na watu wengine kabla yetu. Meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi, tukauwekea kipande cha tofali. Programu iliyopima kahawa ya wakulima wa upande wetu wa Kangundo iliandikwa juu ya meza hiyo, na msichana wa kwetu. Hata wakati watu walipokuwa wakimwita mwizi nilijivunia jambo hilo, na sijaacha.

Programu ilikuwa inafanya hivi. Chama kilikuwa na viwanda vitano, kuanzia vilimani mpaka kwetu chini kwenye ukavu. Mkulima alileta kahawa mbivu, akaimwaga juu ya turubai, akatoa zilizo mbichi na zilizokauka, kisha ikapimwa. Karani wa mizani aliandika alichosoma: kilo, pamoja na kipande cha kilo kilichozidi. Karatasi hizo zilipelekwa ofisini na kuingizwa katika kompyuta. Kompyuta ilitoa uzito wa chombo, ikakata vile vipande, ikabakiza kilo kamili, kwa sababu sheria ya chama ilisema mkulima ataandikiwa kilo kamili. Mwisho wake ikachapa stakabadhi.

Dada alinifundisha namna ya kuandika programu kwa klasi, kwa mfano wa kiondo, maana mama alitulea akisuka.

"Klasi ni kama kielelezo cha kiondo," alisema. "Kielelezo chenyewe hakibebi kitu. Lakini ukishakijua, utasuka viondo upendavyo, kila kimoja na rangi zake. Tena klasi moja inaweza kuzaa nyingine. Mtoto anarithi kila kitu cha mama yake, ila anaweza kuwa na jambo lake moja mwenyewe."

"Kama sisi na mwaitu."

"Kama sisi. Wewe ulirithi kunyamaza. Mimi huu mdomo sijui nilitoa wapi."

Kwa hiyo alijua. Nasema hivyo kwa sababu nilipofungua programu yake baada ya mazishi na kuisoma kutoka juu mpaka chini, nilikuta klasi tano, moja kwa kila kiwanda, na hakuna iliyomzaa mwenzake. Kila moja ilikuwa imeandikwa yote, kupima, kutoa uzito wa chombo, kukata vipande, kuchapa. Yale yale, tena na tena. Mtu akitaka kubadilisha jambo dogo, alipaswa kulibadilisha pahali patano, na asisahau hata pahali pamoja.

Nampenda dada yangu na nasema hapo alikosea.

Nadhani najua kosa lilitoka wapi. Nyumbani kwetu mbegu haziwekwi pahali pamoja. Mama huweka mbaazi nyingine kwenye kibuyu chenye majivu, nyingine juu ya moshi wa jiko, na nyingine hupelekwa kwa shangazi. Mvua ikikosa, au fukusi wakiingia, hawali zote. Watoto wa Ukambani wanakua wakiona hivyo, wala hakuna anayewafundisha kwa maneno. Dada alikuwa amepoteza kazi mara kadhaa, stima ikikatika au disketi ikiharibika, na nilimsikia mara nyingi akisema, "Hii nitaiweka kila pahali." Kuweka nakala ya programu nzima kwenye disketi kadhaa ni busara. Kuandika jambo moja mara tano ndani ya programu ile ile ni jambo tofauti kabisa. Lakini mkono una mazoea yake, na wa dada ulikuwa mkono wa mtu aliyelelewa na mama yetu.

Nilianza kwa kuzichapa zote. Tulikuwa na printa kubwa yenye kelele, ile ya karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Nikazitenganisha kiwanda kwa kiwanda, nikakaa kitandani kuzilinganisha, na macho yakanidanganya. Mtu akisoma maneno yale yale kwa muda mrefu huacha kusoma, anakumbuka tu. Nikapita mstari ambao haukufanana na mwenzake na nikaapa ulifanana.

Ndipo nikafikiria dirisha. Chumba chetu kilitazama mashariki, na asubuhi jua liliingia lote. Nikabandika ukurasa wa kiwanda cha juu kwenye kioo, kisha juu yake ukurasa wa kiwanda kinachofuata, nikausogeza mpaka mistari ikakaliana. Palipofanana, herufi zililala juu ya herufi na maandishi yakawa meusi zaidi. Palipotofautiana, yalivurugika, kama unavyoona mambo ukiwa na homa.

Mama jirani aliyekuwa akianika nguo uani alisimama kunitazama.

"Kwani pazia zimeisha Machakos?"

"Nasoma," nikamjibu.

"Haya, soma. Ukifika pahali pazuri uniite."

Viwanda vinne vya juu vilikaliana vizuri. Vilivurugika penye jina la kiwanda na penye uzito wa chombo tu, na hayo nilitegemea. Katika ukurasa wa kiwanda cha pili kutoka chini kulikuwa pia na mistari michache iliyofungwa. Mwandishi wa programu akiweka vijistari viwili vya mshazari mbele ya mstari, anaiambia kompyuta ipite bila kusoma. Nikaiona, nikadhani ni takataka za kazi, nikaendelea.

Kisha nikabandika ukurasa wa kiwanda cha chini, cha kwetu.

Pahali pamoja, katikati ya ukurasa, maandishi yalivurugika. Nikautoa, nikaubandika tena, nikidhani nimeuweka upande. Yakavurugika pale pale. Nikasoma polepole kwa kidole. Katika viwanda vya juu kompyuta iliambiwa: chukua mzigo, kata kipande, jumlisha, chukua mzigo mwingine, kata kipande, jumlisha, hivyo mpaka mizigo ya mkulima iishe. Katika kiwanda cha chini, ule mstari wa kukata ulikuwa umeshushwa: chukua mzigo, jumlisha, chukua mwingine, jumlisha, na mizigo ya siku nzima ikishaisha, ndipo kata kipande, mara moja.

Anayeleta gunia moja kubwa hupoteza kipande kimoja kwa njia zote mbili. Anayeleta kidogo kidogo hupoteza kipande kila anapopimwa, isipokuwa katika kiwanda cha chini. Na mama yetu, tangu mgongo umsumbue, alikuwa akipeleka kahawa yake kwa kiondo, safari baada ya safari.

Nikakaa chini sakafuni. Meneja hakuwa amesema uongo. Tofauti ilikuwepo, ilikuwa kwetu, na ilimfaa mama. Nilikuwa nimeahidi kusema.

Kabla ya kusema nilitaka kujua kwamba hiyo ndiyo tofauti peke yake, na njia ya kujua ilikuwa kufanya kazi ambayo dada alipaswa kuifanya mwanzoni. Nikaandika klasi moja mpya, nikaiita Kiwanda, iwe mama wa zile tano. Nikahamishia ndani yake jambo moja moja. Kwanza kuchapa stakabadhi. Kisha kutoa uzito wa chombo. Kila nilipohamisha jambo, nilichukua karatasi za mizani za siku zilizopita, nikaziingiza katika programu ya zamani na katika hii mpya, na majibu yalipaswa kutoka sawasawa. Yasipokuwa sawa, nilirudi nyuma. Yakiwa sawa, nilifuta nakala nne kati ya zile tano, na moja ikabaki kwa mama yao.

Kufuta ndiko kulikokuwa na uchungu. Mistari ile ilikuwa na tabia za dada. Alikuwa akiacha nafasi mahali ambapo wengine hawaachi. Kwingine alikuwa ameandika kwa Kikamba, kwa ajili yake mwenyewe, kwamba hapa asiguse akiwa na njaa, na maneno hayo aliyanakili pia kila pahali pamoja na mengine yote. Kila nilipofuta nilijihisi kama ninakunja nguo zake. Lakini nguo zake nilikuwa nimezikunja pia, na nguo moja nilibaki nayo. Hapa vilevile, kwa kila jambo nililofuta mara nne, moja ilibaki, kwa maneno yake, na nafasi zake, na njaa yake.

Nilipomaliza, klasi za viwanda vinne zilikuwa zimekonda kabisa. Kila moja ilikuwa na jina lake na uzito wa chombo chake, na mengine yote ilirithi. Ya kiwanda cha chini ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa ilibaki na jambo lake moja mwenyewe, ile namna yake ya kukata. Sasa hata mtoto angeiona. Ilikaa pale peke yake.

Nikashuka nyumbani, nikaenda kiwandani. Karani wa mizani alikuwa mama mmoja mchangamfu, rafiki wa mama yetu, aliyezoea kupiga kelele ili asikike kupita mashine ya kumenya kahawa, hata mashine ikiwa imezimwa.

"Wewe ndiye yule hasemi!" akaniita. "Dada yako alimaliza maneno yote tumboni, wewe ukapata kimya."

"Aliwahi kuja hapa?"

"Mwalimu? Alikuja na mama yenu. Akasimama hapa siku nzima ya kuchuma, mpaka nikamwambia ashike koleo. Kila mama wa kiondo akipimwa, mwalimu macho kwa mshale. Halafu akaniuliza, hawa wote wanakatwa kila safari? Nikamwambia, mimi naandika kilo na kipande chake. Kompyuta yako ndio inakata. Uliza yeye." Karani akajicheka. "Naye akacheka. Halafu akaacha kucheka."

"Akasema nini?"

"Alisema ataanza hapa, kwa sababu hapa ndio watu wa kiondo ni wengi. Nikimwambia imekaa vizuri, atapanda kiwanda kimoja kimoja mpaka juu. Nikamwambia imekaa vizuri. Halafu akawa mgonjwa."

"Na mbona hukuwaambia watu?"

"Nani aliniuliza? Watu wanaulizanga kilo. Nawapa kilo."

Nilirudi Mumbuni nikiwa na furaha ambayo sikuiamini. Karani alimpenda mama, na alinipenda mimi kwa ajili ya mama. Mtu anaweza kukupa maneno ya kukutuliza na asijione amedanganya. Neno lake peke yake nisingelipeleka mbele ya mkutano.

Kisha, nikiwa bado nimevaa viatu, nikakumbuka zile takataka.

Nikaitafuta karatasi ya kiwanda cha pili kutoka chini, kinachofuata ukianza kupanda. Nikaibandika dirishani juu ya ukurasa wa kiwanda cha kwetu. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba, lakini mwanga ulitosha. Ile mistari iliyofungwa, niliyoipita bila kuisoma, ilikuwa chini ya ile sehemu ya kuchukua na kukata mizigo, na ukiisogeza kidogo ilikaliana na mistari ya kiwanda cha chini herufi kwa herufi. Chukua, jumlisha, na mwisho wa siku ndipo kata. Alikuwa ameshaiandika. Alikuwa ameifunga kwa vile vijistari viwili, akisubiri neno la karani, ili siku akilipata aifungue. Kiwanda kile hakikuwa cha kwetu. Hakuna ndugu yetu hata mmoja aliyepeleka kahawa huko.

Alikuwa akipanda, kama karani alivyosema. Alikuwa amefika hatua ya pili na nguvu zikamwishia.

Nililia siku ile, na sehemu ya machozi ilikuwa ya hasira. Angekuwa ameandika jambo lile mara moja tu, katika klasi moja ya mama, haki ile ingefika viwanda vyote siku moja, na hakuna mtu angemwita mwizi. Kurudiarudia kwake ndiko kulikomfanya aonekane ana upendeleo. Nilimwambia hivyo, kwa sauti, chumbani. Naamini angenijibu jambo la kuchekesha.

Meneja alinisikiliza ofisini mpaka mwisho. Nilimwonyesha zile kurasa mbili dhidi ya mwanga wa dirisha lake. Akakunja kofia.

"Lakini sheria inasema kilo kamili."

"Na zote mbili zinatoa kilo kamili, mzee. Sheria haikusema tukate kila mzigo au kila siku. Hakuna aliyeuliza, basi tukakata kila mzigo."

"Na hivyo vipande vyote vilikuwa vinaenda wapi?"

"Kahawa ilikuwa kiwandani. Ila haikuandikwa kwa mtu."

Akafikiri. Kisha akasema anataka kujaribu mwenyewe, na mkulima amchague yeye, nisije nikamletea niliyemtayarisha. Akasoma nambari ya mkulima mmoja wa kiwanda cha juu kabisa bila kutazama popote. Nikatafuta karatasi zake za siku moja. Alikuwa ameleta mizigo midogo midogo asubuhi mpaka jioni. Nikaingiza kwa namna ya zamani, stakabadhi ikatoka. Nikaingiza kwa namna ya dada, nyingine ikatoka. Meneja akaziweka mezani sambamba. Ya pili ilikuwa nzito.

"Hii nambari unaijua kwa kichwa, mzee," nikasema.

"Ni ya mama yangu." Akaivaa kofia, akaivua. "Anakataa kukodi punda. Anasema wenye punda wanamwibia." Akazitazama tena zile stakabadhi mbili. "Kumbe ni mimi."

Sikucheka, lakini nilitaka.

Alinipa ruhusa ya kuuhamisha ule mstari wa kiwanda cha chini uwe wa klasi ya mama, na kamati ilipokubali, nilifanya hivyo. Sikuandika upya hata neno. Niliyachukua maneno ya dada kama alivyoyaacha, nikayapandisha hatua moja juu, na viwanda vyote vitano vikayarithi kwa mara moja. Yale ya zamani nikayafuta, pamoja na vile vijistari viwili vilivyokuwa vikisubiri.

Kwenye mkutano watu walikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Meneja alieleza kidogo kisha akaniita. Nilikuwa nimesema nitasema, kwa hiyo nikasema.

"Kiwanda cha chini kilipata kilo ambazo viwanda vingine havikupata. Hiyo ni kweli. Aliyefanya ni dada yangu. Hakuwaambia, na alipaswa kuwaambia. Alikuwa ameanza chini akipanda juu, na hakufika. Sasa imefika."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti. "Na mama yenu alifaidika ama hakufaidika?"

"Alifaidika."

Pakawa na minong'ono. Mama alikuwa ameketi kati ya wanawake wa kwetu, ameshika kitambaa chake, hakuinamisha kichwa. Ndipo mama mmoja mzee wa upande wa juu akasimama kwa kujishikilia bega la jirani yake. Paji lake lilikuwa na lile bonde ambalo kamba ya kiondo huchimba kwa miaka.

"Wewe msichana. Kwa hivyo sisi wa kiondo huku juu tulikuwa tunakatwa kila safari?"

"Ndiyo, susu." Hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Na sasa?"

"Mara moja, mwisho wa siku."

Akamgeukia yule wa nyuma. "Na wewe wa pikapu, kelele za nini? Unaleta mara moja, wewe hukatwi kitu!" Watu wakacheka, hata yule wa pikapu. Mama mzee hakucheka. Aliniambia, "Basi huyo mwalimu alikuwa ananijia. Asante," na akaketi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani mama aliniuliza kama ni kweli nilifuta maneno ya dada.

"Nilifuta yaliyojirudia. Yake yote yako ndani, mara moja moja."

"Na yakiharibika hayo?"

"Niko na disketi tatu, mwaitu. Moja ni ya kukaa kwako."

Alipenda hilo. Aliiweka juu, karibu na mbaazi, mahali ambapo moshi ungeiua kwa mwezi mmoja, na nikaitoa alipolala mchana, nikaifunga kwa plastiki, nikaiweka kwenye sanduku la nguo. Zile karatasi ndefu za printa alizichukua pia. Alizikata, akafungia mbegu humo, akazipeleka pale na pale kama kawaida yake.

Programu ile haipo tena. Baada ya miaka chama kilinunua mashine nyingine na programu nyingine, na hiyo ni haki yao. Lakini kabla haijaondolewa nilipita kiwanda cha juu kabisa siku moja ya kuchuma, kwa shughuli nyingine. Mwanamke mmoja alitua kiondo chake mbele ya mizani, akapangusa uso, akamwambia karani, kijana ambaye hakumjua dada wala hakunijua mimi, "Andika na huu. Jioni unikatie ya mwalimu."

"Ya mwalimu," karani akajibu bila kuinua kichwa, akaandika.

Walikuwa wakiita hivyo, ile jumla ya siku. Sikuwaambia mimi ni nani. Nilisimama karibu na turubai mpaka akapimwa, nikautazama mshale ukitulia, kisha nikaendelea na safari yangu.